Hisa haina riba

Jumamosi iliyopita kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kilivunjwa: mwaka umefungwa, tunagawana pesa. Sanduku lilifunguliwa kwa funguo zote tatu, pesa zikahesabiwa mbele ya kila mtu, na kabla mweka hazina hajamaliza kusoma daftari, mama mmoja ninayemheshimu sana akanyoosha mkono: "Sasa riba ya hisa zetu mwaka huu ni asilimia ngapi?" Hakuna aliyeshtuka. Katibu mwenyewe akamjibu kwa neno hilohilo, riba. Nimeshalisikia kwenye daladala, msibani, hata redioni kutoka kwa mtu aliyealikwa kuwaelimisha watu kuhusu uwekezaji. Safari hii nimeona niandike.

Hisa ni fungu la umiliki: ukiwa na hisa ya kitu, sehemu ya kitu hicho ni yako. Riba ni malipo anayotoa mkopaji kwa kutumia pesa ya mwenzake. Maana ni hizo tu, na sidhani kama kuna mtu atabishana nazo. Tabu ni kwamba tukishazikubali tunageuka na kuzichanganya.

Neno hisa tumelipata kwa Waarabu, nao husema hissa, yaani fungu la mtu katika kitu kinachogawanywa. Wengi hudhani ni ndugu wa hesabu na hisabati, kwa kuwa yote huandamana na pesa. Si ndugu. Hesabu imetokana na hisab, mzizi mwingine kabisa. Hisia imetokana na hiss, na hisani ina mzizi wake wa wema. Kwa Kiarabu hata herufi zinatofautiana, hissa ikiandikwa kwa swadi na hiss kwa sini, ila sisi tunazitamka kwa sauti moja na maneno yakabaki yanasikika kama watoto wa mama mmoja. Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu anayedhani hisa ni aina ya hesabu hutegemea tarakimu iliyopangwa tangu mwanzo. Anayejua kuwa hisa ni fungu huuliza kwanza: fungu la nini, na hicho kitu kina hali gani leo?

Kwa jambo hili hatukuhitaji kufundishwa na soko lolote. Watu kumi wakichanga wakanunua ng'ombe wa sikukuu, kila mmoja ana fungu lake. Ng'ombe akiwa amenona, mafungu yote yananona. Akikonda kabla ya kuchinjwa, mafungu yote yanapungua, na hakuna mlango wa kwenda kudai kilo zilizokosekana, maana mwenye ng'ombe ni wewe na wenzako tisa. Sijawahi kumsikia mtu akiulizia riba ya nyama.

Riba nayo ni Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kukua, kuzidi. Nadhani hapo ndipo watu hujikwaa, kwa sababu hisa nayo huweza kukua. Lakini riba hupatanwa kabla. Mkopaji anadaiwa hata kama biashara yake imekufa. Mwenye hisa hana wa kumdai, yeye ni mbia. Kampuni huwalipa kwanza wanaoidai, na mwanahisa husubiri kitakachobaki. Kikibaki na kikagawanywa, jina lake ni gawio, na Wakenya husema mgao wa faida. Bodi hulipendekeza baada ya hesabu za mwaka kufungwa, mkutano mkuu wa wanahisa huliidhinisha, na kuna miaka ambayo gawio ni sifuri bila yeyote kuvunja ahadi. Mwenye haki ya kuulizia riba ni aliyenunua hatifungani, kwa kuwa yeye ameikopesha serikali au kampuni.

Turudi sandukuni, maana huko mkanganyiko una sababu. Mtindo huu wa vikundi vya hisa ulianzia Niger mwaka 1991, kwa kazi ya shirika la CARE na wanawake wa vijijini, na ukasambaa katika nchi nyingi za Afrika. Kila kikao unanunua hisa moja hadi tano, unagongewa mihuri kwenye kitabu, na pesa inakopeshwa kwa wanakikundi kwa riba. Kwa hiyo riba ipo kweli, ila wanaoilipa ni wakopaji, nao ni sisi wenyewe. Ikishaingia sandukuni inakuwa mali ya kikundi. Kwetu hisa ilikuwa shilingi 2,000, na tulinunua hisa 3,000, yaani shilingi 6,000,000. Siku ya kuvunja tulikuta 7,200,000, basi kila hisa ikawa 2,400. Angekimbia mtu mmoja na mkopo wa 900,000, riba zingekuwa zilezile zilizokwisha kulipwa, lakini hisa ingekuwa 2,100. Wangekimbia wawili wa namna hiyo, tungegawana chini ya tulichoweka.

Aliyezoea hisa ya bei moja kuanzia Januari hadi siku ya kuvunja hupata shida akienda kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Huko, tangu biashara ilipoanza Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL, bei ni ya siku hiyo, na ukitaka pesa yako huendi kuidai kwa kampuni; unamtafuta mnunuzi kupitia dalali. Hata kwenye SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, hisa, akiba na amana huandikwa mbalimbali, ingawa wanachama wengi huziita zote akiba.

Linaloniuma zaidi ni hili. Kwa Mwislamu neno riba lina uzito wa dini. Namjua jirani aliyekataa kununua hisa za kampuni yoyote maisha yake yote kwa sababu aliambiwa "zinatoa riba nzuri". Angeweza kuuliza kampuni inafanya biashara gani, inakopa vipi, na faida yake ni ya halali au la. Hayo ni maswali ya haki, na pengine angekataa baada ya kuyajibu. Hakuyafikia. Neno lisilo lake lilimfungia mlango.

Yule mama nilimfuata baada ya kikao, tukakaa kwenye benchi la nje. Nilimwambia, "Mama, mwakani uliza hivi: hisa moja imefika shilingi ngapi?" Akanitazama kidogo. "Kwani si ni kitu kilekile?" Nikamwomba kitabu chake, tukaanza kuhesabu mihuri.