Makamasi Yanayoshuka Kooni: Tiba ya Sindano Inamfaa Nani

Natoa akupancha hapa Mbeya, yaani tiba ya Kichina ya kuchoma sindano katika nukta maalumu za mwili. Wagonjwa wengi wanaofika kwangu kati ya Juni na Oktoba hawalalamikii pua. Wanalalamikia koo: kuna kitu kimekwama nyuma ya ulimi, hakimezeki wala hakitemeki, kinawaamsha alfajiri wakikohoa, na kutwa nzima wanasafisha koo mpaka walio karibu nao wanachoka kusikia. Wengi wamekwisha kunywa dawa za kikohozi, na hata antibiotiki walizonunua dukani bila kupimwa, wasipate nafuu. Kwa sehemu kubwa yao shida inaanzia puani, ambako makamasi mazito yanashuka kwa nyuma na kutua kooni.

Kushuka kwenyewe si ugonjwa. Pua na sainasi, yaani mashimo yaliyomo ndani ya mifupa ya uso, hutengeneza karibu lita moja ya ute kila siku, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho huusukuma ute huo kuelekea kooni pamoja na vumbi ulilolinasa, nasi tukaumeza pasipo kujua. Tunaanza kuuhisi unapozidi, unapokuwa mzito, au koo lenyewe linapokuwa na uvimbe. Mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; baridi ya Juni na Julai ni kavu, kisha unafuata upepo wa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya mvua. Ukiongeza moshi wa kuni jikoni, au pumba anazovuta mtu anayeshinda kwenye mashine za kukoboa mpunga kule Igurusi, utaelewa kwa nini utando wa pua za watu wetu hukaa umevimba miezi mingi.

Kabla sijafungua pakiti ya sindano, huwa nauliza maswali mengi, na naomba mgonjwa asione kwamba nampotezea muda. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, hasa akiwa anapungua uzito, anatoka jasho usiku au anatema damu, namtuma kwanza akapime makohozi ya kifua kikuu. Hapo sina mjadala, kwa kuwa kikohozi cha kifua kikuu kinaweza kufichwa miezi kadhaa kwa jina la mafua sugu. Asiye na mafua wala chafya, lakini anaamka na uchungu mdomoni na sauti ya kukwaruza, pengine anasumbuliwa na asidi ya tumbo inayopanda hadi kooni. Mwingine anatumia dawa ya presha ya aina ya enalapril, ambayo kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu, naye anapaswa kurudi kwa daktari aliyemwandikia dawa hiyo. Na mtoto anayetokwa na makamasi yenye harufu katika tundu moja tu la pua, aangaliwe kama amejichomeka punje ya mahindi au harage.

Anayebaki baada ya mchujo huo, mwenye mzio au mwenye pua inayochokozwa na baridi, vumbi na harufu, ndiye ninayemwona kuwa tiba ya sindano inaweza kumfaa. Sindano zenyewe ni nyembamba, milimita 0.25 hivi, hazina dawa ndani, na kila moja hutumika mara moja ikatupwa kwenye boksi la usalama. Mgonjwa analala chali. Naanza na nukta iitwayo Yingxiang, pembeni mwa bawa la pua, nikiielekeza sindano juu kidogo chini ya ngozi, isizidi sentimita moja. Jicho la upande ule mara nyingi hutoa chozi, na wengi husema wanahisi uzito unaopanda kuelekea kwenye paji la uso. Nyingine huingia kati ya nyusi, nyingine katika nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, na nyingine mguuni, chini ya goti kwa upande wa nje. Ile ya mkononi simchomi mama mjamzito, kwa kufuata mwiko wa zamani wa tiba hii. Sindano hukaa dakika 20 hadi 30, na si ajabu mgonjwa aliyekuja akipumulia mdomo akaanza kupumua kwa pua kabla sijazitoa.

Wachina waliotuachia elimu hii wanasema kohozi huzalishwa na wengu na kuhifadhiwa na mapafu, na ndiyo sababu ya kuchoma mguu kwa ajili ya pua. Maelezo ya kitabibu ya leo yanaelekea kwingine: sindano za usoni huamsha matawi ya mshipa mkubwa wa fahamu wa uso, ambao una uhusiano na neva zinazotawala mishipa ya damu na tezi za pua. Kwa hiyo sindano haikaushi makamasi. Inatuliza utando unaoyatengeneza kupita kiasi.

Majaribio mengi ya kitabibu yamefanywa kwa wenye mafua ya mzio, si kwa dalili ya makamasi kooni peke yake. Mojawapo ya makubwa, lililofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2013, lilihusisha wagonjwa 422. Waliochomwa mara 12 katika wiki nane walipata nafuu kuliko waliochomwa sindano za kuigiza (zisizochomwa kwenye nukta za tiba), na walihitaji dawa chache kuliko wao, ila tofauti ilikuwa ndogo na baada ya wiki 16 haikuonekana tena. Mwaka 2015 madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani waliandika katika mwongozo wao kwamba akupancha inaweza kutolewa kwa mgonjwa wa mafua ya mzio anayependelea tiba isiyo ya dawa. Ndivyo ninavyoitumia: inasaidia, haiponyi mzio, na haichukui nafasi ya dawa ya kupuliza puani aliyopewa mtu hospitalini.

Pamoja na sindano, nasisitiza kuosha pua kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai katika robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kamwe yasiwe ya bomba moja kwa moja wala ya mtoni. Matone ya kuzibua pua yanayouzwa dukani yasipite siku tano, maana yakizidi pua huziba zaidi kuliko mwanzo. Mwenye shida ya kila kiangazi namshauri aanze Mei, mara moja au mbili kwa wiki, kabla vumbi halijaanza. Baada ya mara sita tunakaa tukapima: analala usiku kucha au bado anaamka alfajiri? Kama hakuna badiliko nasimamisha sindano na kumwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa pua, achunguzwe kwa kamera kama ana vinyama vilivyoota ndani ya pua au sainasi zilizoziba, kwa sababu vinyama haviondoki kwa sindano.