Kwa Nini Hatumfugi Mnana wa Clarke

Watu wa Malindi hutuuliza sana sisi wahifadhi: kama ndege huyu, mnana wa Clarke, yuko hatarini, mbona msimkamate mkamfuga, akazaana, kisha mkamwachia? Swali ni la haki, maana njia hiyo imewahi kuokoa ndege. Mwaka 1974, kozi wa Morisi, ndege wawindaji wa kisiwa cha Mauritius, waliojulikana kubaki porini walikuwa wanne tu. Wataalamu wakawa wanachukua mayai ya kwanza kiotani na kuyaangua kwa mashine, jike naye anataga tena, hivyo msimu mmoja ukatoa vifaranga wa mikupuo miwili. Leo kozi hao wanaruka porini. Ila tusisahau kwamba DDT, sumu ya mbu iliyochangia kuwamaliza, ilikuwa imeachwa kutumika.

Mnana wetu ni wa namna nyingine. Duniani kote anajulikana Kilifi tu: Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Hushinda juu ya miti ya mirihi akitafuta wadudu, lakini viota vyake havikuonwa na wataalamu hadi 2013, Dakatcha, ndani ya dimbwi lililoota ndago. Anahitaji msitu, na anahitaji dimbwi lililojaa maji. Tundu gani litampa vyote viwili? Na hata tukifaulu, tutamwachia wapi kama mirihi imekwisha kuwa makaa?

Kwa mimea kazi hii ya kuokoa nje ya pori ni nyepesi zaidi, ingawa si yote. Mbegu nyingi zikikaushwa vizuri na kuwekwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hubaki hai kwa miongo mingi, na hifadhi za mbegu kama ile ya Muguga zipo kwa kazi hiyo. Jaribu hivyo kwa mkoko wa Lamu uone. Mbegu yake huota ingali mtini, na kile kijiti cha kijani kinachoning'inia tayari ni mche. Ukikikausha umekiua. Chake ni matope au kitalu.

Muhugu, mti wa wachongaji, una shida yake. Miti dume na jike ni mbalimbali, kwa hiyo jike akibaki peke yake hakuna mbegu ya maana. Mbegu zake nazo, zimwage mezani: ni vipande vyembamba vyenye manyoya, na ukiviminya kwa kucha vingi ni maganda matupu au vimeliwa na wadudu. Ndiyo maana tunakusanya kutoka kwa miti mingi, ikiwezekana hamsini, na kila mfuko tunauandika mti mama na mahali. Wafadhili hupenda kuhesabu miche. Mimi naona heri miche mia ya mama ishirini kuliko elfu kumi ya mama mmoja, kwa sababu hao elfu kumi ni ndugu watupu, na ugonjwa mmoja unaweza kuwafagia wote.

Tukirudi kwa ndege: ukiletewa kinda barabarani, usilinunue kwa huruma. Ukilipia moja, kesho wataletwa watatu. Kinda lililolelewa mkononi huzoea watu. Marekani makinda ya kondori, ndege mkubwa mla mizoga, hulishwa kwa kikaragosi chenye kichwa cha kondori ili yasiuone uso wa binadamu. Ukilikuta limeanguka na kiota unakiona, lirudishe. Usipokiona, wapigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, maana kumfuga ndege wa porini bila kibali ni kosa kisheria.