Madai hewa ni nini, na kwa nini kliniki ya afya ya akili ni rahisi kuyaficha

Neno "hewa" Watanzania tumelizoea tangu uhakiki wa wafanyakazi hewa wa mwaka 2016: jina lipo kwenye karatasi ya mshahara, mtu hayupo. Madai hewa ni ndugu wa hao. Kituo cha afya kinadai fedha, kwa mfuko wa bima au kwa mgonjwa mwenyewe, kwa huduma ambayo haikutolewa, au iliyotolewa kidogo kuliko ilivyoandikwa.

Pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, dagaa hupimwa mbele ya macho yako. Ukipunjwa utaona ndoo haijajaa, na utasema. Ukivunjika mguu, kuna picha ya eksirei na plasta ya kuonyesha. Lakini mgonjwa wa nje anayekwenda kliniki ya afya ya akili ananunua kitu kisichoshikika, yaani muda wa mtaalamu na masikio yake. Akitoka pale hana mshono wala bandeji. Ushahidi pekee ni kile mtaalamu alichoandika.

Chukua mfano. Kijana wa Sengerema anavuka na mama yake kwa kivuko cha Kamanga kuja mjini kwa sindano yake ya kila mwezi. Saa tatu wameshaketi kwenye benchi. Anaitwa, anaulizwa kama analala vizuri na kama sauti bado anazisikia, anachomwa sindano, anatoka. Dakika nane. Dirishani mama anasukumiwa fomu.

"Mama, saini hapo chini."

"Nasaini nini, mwanangu?"

"Za bima tu hizo, mama."

Kwenye fomu kuna ada ya kuonwa na daktari bingwa, ingawa aliyemwona ni daktari wa kawaida, na chini yake kikao kizima cha unasihi, yaani ushauri nasaha. Sindano ni ya kweli. Bingwa na kikao ni hewa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, hulipa ada ya kumwona daktari kulingana na ngazi ya mtaalamu, kwa hiyo kubadili cheo tu kwenye karatasi kunaongeza fedha.

Huko ndiko kupandisha daraja, na ndiyo aina iliyoenea kwa sababu haihitaji uongo mzima, nusu inatosha. Marekani wamejaribu kuidhibiti kwa saa. Huko tiba ya mazungumzo hudaiwa kwa namba: 90832 ni ya dakika 16 hadi 37, 90834 ni ya 38 hadi 52, na 90837 ni kuanzia dakika 53. Anayekaa na mgonjwa dakika 45 kisha akaandika 90837 amepandisha. Hata huko saa haijamaliza ubishi, maana anayeandika dakika ni yuleyule anayelipwa.

Zipo namna nyingine. Watu kumi wanakaa pamoja kwenye kikao cha kundi, kila mmoja anadaiwa kana kwamba alikaa peke yake na mnasihi. Huduma moja inapasuliwa vipande na kila kipande kikapewa bei yake. Mgonjwa hakufika kabisa siku ile, ila kikao chake kimeandikwa.

Si kila kosa ni wizi. Karani aliyechoka anaweza kuweka alama kwenye kisanduku kisicho chake. Na vituo vina kilio chao: madai hukatwa, malipo huchelewa, bei huonekana ndogo. Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wake zikisema bei haziwatoshi. Hoja hiyo naielewa, lakini hailipii saini ya mama wa Sengerema. Kukiwa na ugomvi wa bei, usimaliziwe kwenye fomu ya mgonjwa.

Jambo linalonisumbua kuliko fedha ni jina la ugonjwa. Dai kubwa linataka sababu kubwa. Mtu aliyefiwa na mumewe, akakosa usingizi wiki tatu, anaweza kuandikiwa sonona kali ili vikao vingi vihalalike. Fedha za mfuko zitakaguliwa siku moja na pengine kurudishwa. Lile jina linabaki kwenye faili lake, na daktari anayefuata atalisoma kama ukweli. Malaria ya uongo hakuna atakayekusimanga nayo, ila neno lolote linalonusa wazimu, hata mtaani kwetu Nyakato, watu hulikumbuka.

Aibu hiyohiyo ndiyo inayofunga midomo. Nani atasimama dirishani aseme kwa sauti, "Mimi sikupewa unasihi," huku foleni nzima ikisikiliza? Wengi husaini waondoke. Mara nyingine anayesaini ni msindikizaji ambaye hata hakuingia chumbani.

Kwa hiyo daftari la kliniki, lile analobeba mgonjwa, lina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Mama yule angeandika tarehe, saa waliyoingia, saa waliyotoka na nani aliyewaona, kisha akaomba asomewe fomu kabla ya kushika kalamu. Angeona kikao cha unasihi kimeandikwa hadi saa tano. Saa nne na nusu yeye na mwanawe walikuwa tayari juu ya maji, wanarudi Kamanga.