Chawa wa angani hakuangushwa na mbao

Juzi mgeni mmoja aliingia karakanani, akagonga kwa kidole ubavu wa plaiwudi wa ndege niliokuwa nikiuunga, akasema yaleyale: "Fundi, si hizi ndizo zilizokuwa zikivunjikavunjika angani na kuua watu?" Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyoulizwa bei. Kinachokumbukwa nusunusu ni HM.14, Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani, kindege cha mbao cha mtu mmoja alichokibuni Mfaransa Henri Mignet na kukirusha Septemba 1933. Basi leo niyatoe yote, nipumzike.

Dhana: mbao zilivunjika, au waliozijenga walikuwa maseremala wa kubahatisha.

Sivyo. Na hii ndiyo inayonichosha hasa, maana imewafanya watu waogope mti usio na kosa, wakalisahau kosa lenyewe, ambalo lilikuwa kwenye mchoro.

Tazama kilivyofanya kazi. Mabawa yalikuwa mawili, moja mbele juu, jingine nyuma chini yake kidogo, kiasi kwamba ukingo wa moja ulipita juu ya ukingo wa mwenzake. Pedali hakuna. Vibawa vya pembeni vya kulaza ndege navyo hakuna. Ukivuta mtaimbo, ile fimbo ya rubani ya kuongozea, bawa zima la mbele linazunguka kwenye bawaba zake, ukingo wa nyuma unashuka, pua inapanda. Ukiupeleka kando, unageuza usukani wa mkiani. Mignet alitaka ndege ambayo mwanagenzi hawezi kuiangusha kwa kuipunguza mwendo mno, na kwa hilo alifaulu: upepo uliopenya kwenye mwanya kati ya mabawa uliishikilia ndege hata ilipokwenda polepole.

Mwanya huohuo ndio uliokuwa mtego. Pua ikiinama sana, rubani huvuta mtaimbo, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Ukingo wa bawa la mbele unashuka na kulisogelea la nyuma. Mwanya unabanwa, upepo unakimbia zaidi juu ya bawa la nyuma, nalo linazidi kuinua mkia. Mkia ukiinuka, pua inazama. Anavuta tena, inazama tena. Mwaka 1936 Wafaransa waliingiza ndege nzima, si mfano mdogo wa mezani, katika handaki la upepo la Chalais-Meudon, ambamo mashine huipulizia ndege upepo ili ipimwe ikiwa imesimama. Waingereza nao waliipima yao Farnborough, kwenye kituo chao cha kuchunguza ndege. Jibu likawa moja: pua ikishazama kupita nyuzi 15 hivi, mtaimbo uliovutwa hadi mwisho haukuwa na nguvu ya kuirudisha.

Handaki halikumpima seremala. Mbao zilikuwa nzima, gundi imeshika, na ndege bado ilikataa kuinua pua. Tena si zote zilizotoka gereji za watu: Uingereza kulikuwa na warsha zilizoziunda kwa biashara. Na miongoni mwa waliokufa huko mwaka 1936 walikuwemo maofisa wa jeshi la anga. Hao nao tuseme hawakujua kurusha?

Lawama ya maseremala, nadhani, aliipalilia Mignet mwenyewe. Kitabu chake cha 1934 kilimpa mtu wa kawaida michoro na moyo wa kujenga nyumbani kwake, na kwa jambo hilo namheshimu sana. Lakini ajali zilipoanza, ilikuwa rahisi kusema "wajenzi wa vibandani" kuliko kusema mchoro una kasoro. Marehemu hajitetei.

Dhana: injini ndogo ndiyo iliyoua.

Ya kwanza ilikuwa Aubier-Dunne ya mipigo miwili, nguvu farasi 17. Uingereza baadhi walifunga injini ya gari la Ford iliyogeuzwa. Dhaifu? Naam. Injini dhaifu hukutua kwenye shamba la mtu, haikuzamishi pua. Agosti 1935 Mignet alivuka mlango wa bahari hadi Uingereza kwa kindege chake hicho.

Dhana: jina lake ni kiroboto.

Hilo ni la Waingereza. Pou ni chawa. Wafaransa waliliita gari la Ford T chawa wa barabarani, naye Mignet akataka wake wa angani.

Dhana: ilipigwa marufuku, ikaisha.

Waingereza waliacha kuitolea vibali. Aina yenyewe haikufa. Mabawa yalipangwa upya ili mwanya usijibane, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Mignet akaendelea na kindege kingine, HM.290, na nduguze. Mfaransa mwenzake, Croses, naye akajenga za kwake kwa mtindo huohuo. Hadi leo zinaruka.

Hofu ya mbao ina msingi mmoja tu, nao ni unyevu. Gundi ya zama zile ilikuwa kaseini, inayotokana na maziwa, na ikilowana inaota ukungu na kuachia. Kwa hiyo ukiniletea ndege ya zamani, usinionyeshe rangi. Nionyeshe matundu ya kutolea maji chini ya bodi, kama hayajazibwa na mtu aliyedhani anasaidia. Na ukijenga mpya, kila ukikoroga gundi unga vipande viwili vya mabaki, uandike tarehe, kesho yake uvivunje. Vikiachana kwenye gundi, bomoa ulichounga siku ile. Usinibembeleze.

Mgeni wa juzi nilimpa kipande kimoja akivunje kwa mikono. Alihangaika, akakiweka gotini, kikapasuka kwenye mti, ungio halikuguswa. Akakigeuzageuza, kisha akauliza bei.