Kwa nini redio ya stereo huvuma "shhh", lakini ukibonyeza mono inatulia?

Umetafuta stesheni ya FM kwenye redio kubwa ya nyumbani, namba zimekaa sawasawa, taa ndogo ya stereo imewaka. Muziki unasikika, ila nyuma yake kuna mvumo wa "shhh" usiokatika, unaoudhi hasa wimbo unapopoa. Unabonyeza kitufe cha mono, kinachopeleka sauti ileile kwenye spika zote badala ya kushoto na kulia tofauti kama stereo, na mvumo unatoweka. Stesheni ni ileile, na antena hujaigusa. Sasa hiyo "shhh" ilikuwa inatoka wapi?

Inatokana na jinsi stereo ilivyopachikwa juu ya FM. Mmarekani Edwin Armstrong alipopata hataza za FM mwaka 1933, ilikuwa ya mono. Marekani ilipoidhinisha utangazaji wa stereo mwaka 1961, watu walishakuwa na redio za mono majumbani, na hakuna aliyetaka zigeuke mapambo. Ikabidi ibuniwe stereo ambayo redio ya zamani isingeitambua wala kusumbuliwa nayo.

Ujanja wenyewe ni huu. Sauti ya kushoto na ya kulia hujumlishwa, na jumla hiyo hurushwa mahali pa kawaida, hadi masafa ya kilohezi 15. Redio ya mono huishia hapo na kuridhika. Kisha hutafutwa tofauti, yaani kushoto kutoa kulia, nayo hupandishwa juu zaidi, kati ya kilohezi 23 na 53, ambako sikio la binadamu halifiki. Redio ya stereo huvichukua vyote viwili. Ikivijumlisha, kulia kunajifuta na kubaki kushoto. Ikitoa kimoja kwenye kingine, kushoto kunajifuta na kubaki kulia. Ni hesabu nyepesi, lakini bila hiyo pasingekuwa na stereo kwenye FM.

Kati ya jumla na tofauti, kwenye kilohezi 19 hasa, stesheni hutuma mlio mwembamba usiobadilika. Huo ndio unaoijulisha redio kwamba stereo ipo, na ndio unaowasha ile taa. Kwa hiyo taa haithibitishi kwamba unachosikiliza ni stereo kweli. Mtu mmoja akisoma habari kwenye maikrofoni moja, taa huwaka vilevile. Kushoto na kulia hapo ni kitu kimoja, tofauti ni sifuri, lakini redio inaifuata huko juu hivyohivyo na kurudi na kelele tupu. Kwa vipindi vya mazungumzo, mimi naona mono haina aibu yoyote.

Na kwa nini kelele iwe huko juu? Kwa sababu kelele ya FM haikutandazwa sawa. Chini ni kidogo, na huzidi kadiri masafa yanavyopanda. Tofauti ya kushoto na kulia imewekwa palepale penye kelele nyingi, na ikishushwa ili isikike, kelele hushuka nayo. Gharama yake ni takribani desibeli 20 au zaidi: ili stereo itulie kama mono, antena inatakiwa ilete mawimbi yenye nguvu mara 100 au kuzidi. Stesheni ya karibu hailioni hilo. Ya mbali inaumbuka.

Kelele hiyo hufika spika moja kama ilivyo, na spika ya pili ikiwa imepinduliwa. Ndiyo maana ukichanganya pande mbili inajifuta. Baadhi ya redio huchanganya sauti nyembamba peke yake, zile ambazo "shhh" husikika zaidi, na kuacha nyingine zikiwa stereo. Redio nyingi za gari hufanya hivyo zenyewe, polepole, bila dereva kujua.

Lakini kabla ya kitufe, tazama antena. Mawimbi ya FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, yana urefu wa karibu mita 3, na mikono ya ule waya wenye umbo la T unaouzwa pamoja na redio, yote miwili kwa pamoja, hufika kama mita 1.5, nusu yake. Ukiuacha umeviringishwa nyuma ya kabati, ni kama hauna. Utandaze juu ukutani, mikono imenyooka, na ubavu wake, si ncha, uelekee mnara wa stesheni. Kwenye ncha haupokei karibu chochote.

Uchafu mwingine hauna uhusiano na "shhh". Sauti za "s" zikiwa zinakwaruza na kuchanika ilhali vimstari vya nguvu ya mawimbi kwenye kioo cha redio vimejaa, basi mawimbi yanakufikia kwa njia zaidi ya moja: mengine moja kwa moja, mengine yamegonga jengo au kilima yakachelewa. Hapo geuza au sogeza antena kidogo kidogo, huku ukisikiliza. Usiviamini vimstari, maana havitenganishi mawimbi safi na yaliyogonga ukuta.