Surua haikomazi damu ya mtoto

Wiki hii nimelisikia tena lile la kwamba surua humkomaza mtoto, kinga yake ikawa imara. Bibi mmoja wa Kisauni, Mombasa, alimleta mjukuu wake maabara, mtoto anahema mbavu zikiingia ndani, nimonia. "Mwanangu, huyu ana nguvu. Mwezi jana ametoka surua, damu imeshakomaa."

Hapana, bibi. Haikukomaa.

Virusi vya surua vinaingia ndani ya limfosaiti zenyewe, chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili. Vinashika kipokezi cha CD150, protini iliyo juu ya seli, na limfosaiti za kumbukumbu, aina ya B na T, zinacho kwa wingi, zile zilizokwisha kupigana na vijidudu vya nimonia na kuhara. Nyingine zinauawa na virusi. Nyingine zinauawa na seli T za kuua, kwa kuwa zimebeba virusi: mwili unajiponya kwa kuchinja askari wake. Vitabu huandika "limfosaiti hufa" basi. Ukweli ni kwamba baadhi huhama tu kutoka kwenye damu kwenda kwenye tezi za limfu, na mgawanyo kamili bado unabishaniwa.

Sasa linaloniudhi zaidi, maana hata wenzangu wa kazi hulisema. Vipele vikitoka, karatasi ya damu inaonyesha limfosaiti chini. Wiki moja au mbili baadaye zimepanda, na mtu anasema kinga imerudi. Kilichorudi ni idadi. Duka likiungua na daftari la madeni ndani, mwenye duka atanunua jingine la kurasa zilezile mia mbili. Kurasa zipo, ila nani anadaiwa nini hakuna ajuaye. Na seli nyingi mpya zinaijua surua peke yake. Ndiyo maana mtoto haugui surua tena, na ndiyo maana watu huona amekomaa. Kwa surua, kweli. Kwa mengine amerudishwa nyuma.

Uholanzi walipima watoto 77 wasiochanjwa, kabla na baada ya surua. Matokeo ya 2019: walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya antibodi zao, protini za damu zinazotambua vijidudu, dhidi ya magonjwa mengine. Tena dalili ilionekana zamani. Mwaka 1908 daktari von Pirquet wa Austria aliona kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kikigeuka hasi mtoto akiugua surua, yaani ngozi haikuitikia tena.

Je, nimonia ya mjukuu huyu imeletwa na kumbukumbu iliyofutika? Siwezi kuapa. Surua huchubua pia utando wa njia ya hewa, na hushusha vitamini A. Kwa mtoto mmoja mbele yangu sina kipimo cha kuyatenganisha.

Virusi vya chanjo ya surua vimedhoofishwa, vinafundisha bila kufuta. Hapa kwetu Kenya hudungwa miezi 9 na tena miezi 18.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita mkwewe aliyekuwa nje na mtoto mwingine mgongoni. Miezi kumi na moja. Tukafungua kijitabu cha kliniki pamoja: mstari wa miezi 9 ulikuwa mtupu. Niliwasindikiza mimi mwenyewe mpaka chumba cha chanjo.