Mguu mmoja, madaktari wawili: kinachogombaniwa klabu na timu ya taifa zinapovutana juu ya majeruhi

Jumatatu, tarehe 10 Novemba 2025, kambi ya timu ya taifa ya Hispania ilikuwa inafunguliwa. Saa 7:47 mchana madaktari wa shirikisho la soka la nchi hiyo wakapata habari kwamba Lamine Yamal, waliyekuwa wakimsubiri, ametibiwa asubuhi ileile kwa mawimbi ya redio kwenye kinena. Klabu yake, Barcelona, haikuwa imewadokeza. Ripoti yenyewe iliwafikia saa 4:40 usiku, ikishauri apumzike siku 7 hadi 10. Kesho yake shirikisho likatoa taarifa kwa umma, likazitaja saa hizo kwa dakika zake, na kumwachilia kijana arudi klabuni.

Mimi ni daktari wa michezo. Nimekaa benchi la klabu, na nimekaa kambi ya timu ya taifa. Katika taarifa ile, kilichoniuma ni hizo dakika. Daktari haanzi kuhesabu dakika hadharani mpaka awe ameacha kumwamini daktari mwenzake, na imani hiyo haikuvunjika siku moja. Septemba ya mwaka huohuo kocha wa Barcelona, Hansi Flick, alilalamika kwamba Yamal alikwenda timu ya taifa akiwa na maumivu, hakufanya mazoezi, kisha akapewa dawa za kutuliza maumivu ili acheze mechi ambazo Hispania ilizishinda kwa urahisi: 3-0 dhidi ya Bulgaria na 6-0 dhidi ya Uturuki. Aliporudi akakosa mechi za klabu. Ya Novemba yalianzia huko.

Maelezo ambayo mashabiki hupewa ni kwamba klabu ni wachoyo, au kwamba taifa halijali. Yote mawili hutokea. Lakini hata pale ambapo kila mtu ana nia njema, mguu mmoja unaweza kupata majibu mawili, na majibu yote mawili yakawa ya kitaalamu.

Mwaka 2015 Ian Shrier, daktari wa michezo wa Kanada, alichapisha utaratibu ambao wengi wetu tunautumia tunapoamua kama mchezaji arudi uwanjani. Kwanza unaangalia hali ya jeraha lenyewe: limepona kiasi gani, msuli una nguvu gani ukilinganisha na wa mguu wa pili, goti limevimba au halikuvimba. Pili unaangalia mzigo unaomsubiri: atacheza nafasi gani, dakika ngapi, baada ya safari ya saa ngapi. Hapo unapata makadirio ya hatari. Tatu unauliza hatari hiyo inakubalika au haikubaliki. Hatua mbili za mwanzo ni tiba. Ya tatu si tiba hata kidogo. Inategemea mechi ni ipi, mkataba unaisha lini, mchezaji ana umri gani, nani atamlipa akiumia tena. Karibu kila ugomvi niliousikia ulikuwa wa hatua ya tatu, ila uliandikwa kwa lugha ya hatua ya kwanza.

Chukua msuli wa nyuma ya paja, ambao ndio chanzo cha mivutano mingi. Utafiti wa muda mrefu wa klabu za UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, unaoongozwa na Jan Ekstrand ulionyesha kwamba majeraha ya msuli huu yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02, na asilimia 24 msimu wa 2021/22. Asilimia 18 yalikuwa ya kujirudia, na zaidi ya theluthi mbili ya hayo yalijirudia ndani ya miezi miwili tangu mchezaji arudi uwanjani. Sasa weka takwimu hizo mbele ya madaktari wawili. Wa klabu ana msimu mzima mbele yake, na anaona miezi miwili ya hatari. Wa taifa ana mechi moja ya mtoano, na anaona kwamba wengi hawaumii tena. Wanasoma karatasi moja.

Picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya msuli, haiwapatanishi. Watu wanadhani MRI ndiyo hakimu, lakini katika majeraha ya msuli picha peke yake haitabiri vizuri siku ya kurudi. Nimeona misuli yenye picha mbaya ikikimbia vizuri, na mingine yenye picha safi ikichanika kwa mbio za kwanza za kasi. Kuna jambo moja ambalo picha hutusaidia sana: kuonyesha kama mchaniko umeingia ndani ya kano yenyewe, inayounganisha msuli na mfupa. Wenye mchaniko huo huchelewa kupona na hutoneka kirahisi, na mchezaji wa namna hiyo nikiwa klabuni simruhusu, nikiwa taifa simwiti.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha Arjen Robben. Juni 2010, katika mechi ya kirafiki dhidi ya Hungaria, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, aliumia msuli wa nyuma ya paja. Uholanzi hawakumwacha. Alitibiwa na mtaalamu wa viungo wa Kiholanzi, akakosa mechi mbili za kwanza, akaingia dhidi ya Kamerun, akafunga dhidi ya Slovakia, akafunga tena nusu fainali dhidi ya Uruguay, na tarehe 11 Julai akacheza fainali. Aliporudi Bayern Munich, daktari wa klabu Hans-Wilhelm Müller-Wohlfahrt alikuta mchaniko wa sentimita 5. Robben hakurudi uwanjani mpaka Januari 2011. Bayern wakakasirika, wakadai fidia, na mwishowe wakakubaliana na shirikisho la Uholanzi kucheza mechi ya kirafiki kati ya klabu na timu ya taifa. Ilichezwa Munich Mei 2012, karibu miaka miwili baadaye.

Kila upande ulikuwa na ushahidi. Waholanzi walikuwa na mchezaji aliyefika fainali ya dunia kwa miguu yake. Bayern walikuwa na picha na mshahara wa nusu msimu. Ninachokiona mimi ni kwamba hatari iliamuliwa na mmoja na gharama ikabebwa na mwingine. Robben mwenyewe alitaka kucheza, na kwa Kombe la Dunia sijui mchezaji ambaye asingetaka. Kosa lilikuwa kwamba aliyeulizwa hakuwa yule atakayelipa. Laiti Bayern wangeonyeshwa mguu ule kabla ya mechi na Kamerun, huenda wangekataa, huenda wangekubali kwa masharti. Hawakupata nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo.

Mvutano mwingine hutokana na tarehe. Tarehe 20 Novemba 2021 Ismaïla Sarr aliumia goti akiichezea Watford dhidi ya Manchester United. Senegal wakamwita kwa ajili ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya Januari. Watford wakasema hayuko tayari, shirikisho la Senegal likajibu kwa ukali, likiituhumu klabu kwa dharau na ubaguzi. Ukisoma taarifa zile unagundua kwamba walikuwa wanajibu maswali mawili tofauti. Klabu ilikuwa inasema hawezi kucheza mechi ya kwanza. Taifa lilikuwa linasema anaweza kucheza robo fainali. Mashindano huchukua karibu mwezi mzima, na goti la wiki ya saba si goti la wiki ya kumi. Sarr alijiunga na wenzake, akafunga katika robo fainali dhidi ya Guinea ya Ikweta tarehe 30 Januari, na Senegal wakatwaa kombe. Miaka miwili baadaye Sébastien Haller alifika AFCON akiuguza kifundo cha mguu, akasubiri, kisha akafunga bao la ushindi nusu fainali na fainali kwa Côte d'Ivoire. Kwa hiyo anayesema majeruhi asiitwe kabisa simuungi mkono. Aitwe, lakini kuwe na tarehe iliyokubaliwa, na mahali pa kuuguzia palipokubaliwa. Mohamed Salah alipoumia paja dhidi ya Ghana tarehe 18 Januari 2024, lawama kubwa Misri hazikuhusu jeraha, zilihusu yeye kurudi Liverpool kutibiwa wakati wenzake wako kambini. Wakala wake alisema atakaa nje siku 21 hadi 28. Alirudi uwanjani tarehe 17 Februari, siku 30 baada ya kuumia. Kitabibu hapakuwa na la kumlaumu.

Kanuni zinasemaje? Kiambatisho cha kwanza cha kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji kinasema mchezaji asiyeweza kuitikia wito kwa sababu ya jeraha lazima akubali kupimwa na daktari atakayechaguliwa na shirikisho, shirikisho likitaka. Mchezaji akipenda, upimaji ufanyike katika nchi ya klabu yake. Kuna kifungu kingine ambacho mashabiki hawakifahamu na klabu zinakiogopa: mchezaji aliyeitwa akashindwa kwenda, kwa sababu yoyote ile, haruhusiwi kuichezea klabu katika kipindi hicho, na zuio linaongezwa siku 5. Ndiyo maana klabu zinahitaji shirikisho limwachilie rasmi. Rudi kwa Yamal: kipindi cha mechi za kimataifa kilikwisha tarehe 18 Novemba, ongeza siku 5 unafika 23. Barcelona walicheza na Athletic Club tarehe 22, na Yamal alicheza. Shirikisho lililokasirika lingeweza kukataa kumwachilia. Halikukataa, na nawapongeza kwa hilo.

Pesa nazo zina historia. Novemba 2004 Abdelmajid Oulmers wa Charleroi, klabu ya Ubelgiji, aliumia akiichezea Morocco dhidi ya Burkina Faso, akakaa nje miezi mingi. Klabu ikaishtaki FIFA, ikiungwa mkono na umoja wa klabu kubwa wa G-14, na shauri likafika mahakama ya Ulaya. Lilifutwa mwaka 2008 baada ya makubaliano kwamba klabu zianze kulipwa. Tangu 2012 FIFA ina mpango wa kuzikinga klabu: mchezaji akiumia akiwa na timu ya taifa, klabu hulipwa mshahara wake wa kudumu hadi euro 20,548 kwa siku, kikomo euro milioni 7.5 kwa jeraha moja. Lakini sharti ni kwamba awe nje zaidi ya siku 28 mfululizo. Majeraha mengi ya msuli wa nyuma ya paja huisha ndani ya wiki tatu. Hayo klabu inayabeba yenyewe, bila senti. Ukishangaa kwa nini klabu inalipuka kwa mchaniko mdogo kuliko kwa goti lililokatika, sababu mojawapo ni hiyo.

Katika yote haya yupo mtu ambaye sauti yake ni dhaifu kuliko zote, na ni mwenye mguu. Mchezaji anajua kwamba akisema anaumia taifani ataitwa msaliti, akisema anaumia klabuni ataandikwa mzembe. Kwa hiyo anameza dawa. Utafiti uliofanywa katika Kombe la Dunia la 2010 ulikuta takriban asilimia 39 ya wachezaji walitumia dawa za maumivu kabla ya kila mechi. Dawa haiponyi mchaniko. Inazima taarifa pekee ambayo mguu hutupatia mchezo ukiendelea, na hapo mchezaji anakimbia kwa kasi ambayo tishu haijaiweza. Sindano ya ganzi kwa mchezaji aliyetoka klabu nyingine, bila daktari wa klabu hiyo kujua, ni jambo ambalo mimi silikubali kwa mechi yoyote.

Nikiwa klabuni, mchezaji anapoitwa huwa anaondoka na karatasi ya ukurasa mmoja. Ina tarehe ya jeraha, vipimo vya mwisho, kasi ya juu aliyofikia mazoezini ikilinganishwa na kasi yake kabla ya kuumia, tofauti ya nguvu kati ya mguu na mguu, dawa anazotumia, na dakika ninazopendekeza. Mchezaji anaisoma kwanza na kuitia saini, kwa sababu habari za mwili wake ni zake, sina ruhusa ya kuzigawa bila yeye. Halafu nampigia simu daktari wa taifa na kusubiri jibu la maandishi. Hilo la jibu ni muhimu. Septemba 2025 Paris Saint-Germain walisema walikuwa wametuma taarifa za kitabibu kabla ya Ousmane Dembélé kuumia paja akiwa na Ufaransa dhidi ya Ukraine, wakadai utaratibu mpya wa mawasiliano. Na Novemba 2010 Liverpool walisema kulikuwa na makubaliano kwamba Steven Gerrard aichezee England takriban saa moja dhidi ya Ufaransa. Alitoka dakika ya 84, akishika paja. Makubaliano ya mdomo humfikia daktari, hayamfikii kocha aliye nyuma kwa bao moja.

Kuanzia mwaka 2026 kalenda ya FIFA inaunganisha vipindi vya Septemba na Oktoba kuwa kimoja, siku 16 na mechi 4. Mchezaji aliyetoka kuuguza msuli atakaa zaidi ya wiki mbili mikononi mwa madaktari ambao hawakuwepo siku alipoumia, na dakika nilizoziandika kwa mechi ya kwanza hazitakuwa na maana ikifika ya tatu. Karatasi yangu itabidi iongezwe ukurasa wa pili: apimwe upya lini, kwa vipimo gani, na nani apigiwe simu majibu yakiwa mabaya.